Samaki Wamejaa Bwawani, Lakini Wote Wadogo: Tufanyeje?

Msimu huu nimeulizwa swali moja na vijana wa sehemu nyingi tofauti: Benaco, Kasulo, Rusumo, na hata kule Nyakahura upande wa Biharamulo. Swali lenyewe huja hivi: "Afisa, tuna bwawa, maji ni ya kiunoni au kifuani, magugu yamejaa, samaki wamo tele ila wote saizi ya vidole vitatu. Tunataka watu waje kuvua kwa ndoano walipie. Tupandikize nini?" Wengine wameshajijibu wenyewe. Wanataka kufuata vifaranga vya sangara Mwanza, kwa sababu sangara ni mkubwa, anapigana kwenye mshipi, na picha yake inauza.

Jibu langu ni fupi: kwa sasa msipandikize chochote. Punguzeni kwanza. Na sangara mwacheni hukohuko Victoria. Sasa niwaeleze kwa nini, maana jibu fupi bila sababu huwa halifuatwi.

Hao samaki wadogo si watoto

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba wale samaki wa vidole vitatu ni vifaranga watakaokua wakisubiriwa. Mpasue mmoja. Ukikuta mayai tumboni, au ukimkuta jike ameficha mayai au watoto mdomoni, basi huyo ni mtu mzima. Amekomaa akiwa na gramu 30, amezaa, na atazaa tena baada ya wiki chache. Sato na ndugu zake wana tabia hiyo: wakibanana na chakula kikiwa haba, wanaacha kukua na nguvu yote wanaipeleka kwenye kuzaa. Penye nafasi na chakula, samaki huyohuyo angefika gramu 250 ndani ya miezi sita hadi minane.

Mkulima wa Kagera hahitaji darasa refu hapa, kwa sababu jambo hili analijua kwenye mgomba. Shina ukiliachia machipukizi yote kumi, unapata kichaka kizuri cha kijani na mikungu ya kutia aibu. Ndiyo maana tunawaambia waache mama, mtoto na mjukuu, mengine yatolewe. Bwawa halina tofauti. Maji yako yana uwezo wa kubeba kilo fulani za samaki, tuseme kilo 500. Kilo hizo zinaweza kuwa samaki 2,000 wa robo kilo, au samaki 16,000 wa gramu 30. Uzito ni karibu uleule, lakini wale 2,000 wana mteja na wale 16,000 ni dagaa ambao si dagaa.

Ukileta vifaranga wapya 5,000 kwenye hali hiyo, umeongeza midomo tu. Pesa uliyonunulia vifaranga imeliwa na maji.

Magugu yanahusikaje

Kwenye maji ya kina kifupi mwanga wa jua unafika chini, kwa hiyo magugu yanaota kila mahali: yale yanayoelea, yale yaliyozama, na mafunjo pembeni. Samaki wadogo wanajificha humo. Kambale hawaoni, mnandi hawapati, na nyavu haipiti. Matokeo yake karibu kila kifaranga anayezaliwa anapona. Kwa mtu asiyejua hiyo ni habari njema, lakini kwa mwenye bwawa ndiyo chanzo cha shida yenyewe, maana samaki hawa wanahitaji kufa wengi wakiwa wadogo ili wachache wakue.

Kuna la pili. Magugu mchana yanatoa oksijeni, usiku yanaivuta. Bwawa lenye magugu mengi sana huwa na hewa ndogo kabisa alfajiri. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi ukakuta samaki wamepanda juu wanapumua kwa kudonoa uso wa maji, usifurahi kwamba wanacheza. Wanatafuta hewa.

Basi vijana wengi wakisikia hivyo wanataka kuyamaliza magugu yote kwa siku moja, ikiwezekana kwa dawa. Tafadhali, hapana. Magugu yakifa yote kwa pamoja yanaoza kwa pamoja, na kuoza nako kunakula oksijeni. Ndani ya siku chache unaweza kukuta samaki wote wanaelea, wakubwa wakitangulia, maana hao ndio wanaohitaji hewa nyingi. Tena dawa ya magugu kwenye maji ambayo ng'ombe wanakunywa na watoto wanachota ni jambo ambalo mimi siwezi kuliandikia ushauri kabisa.

Yakate kwa mistari. Fungua njia kutoka ukingoni kwenda katikati, kama barabara za shambani, na uache vichaka kati ya njia na njia. Lengo ni kubaki na magugu kwenye robo hadi theluthi ya eneo, siyo sifuri. Usikate zaidi ya theluthi kwa mara moja, kisha subiri wiki mbili tatu. Yaliyokatwa yatolewe majini, yasiachwe kuozea pembeni, maana mvua itayarudisha. Yaanikeni, mweke kwenye mboji au mtandaze kwenye migomba. Kwenye vile vichaka mlivyoviacha kambale atavizia, na kwenye njia sato atalazimika kupita. Na mvuvi wa ndoano ndipo atakapotupa mshipi: pembeni ya kichaka, siyo katikati ya maji matupu.

Tuangalie Naivasha

Kabla ya kwenda kwenye hatua za kufanya, nataka tuitazame Naivasha kule Kenya, kwa sababu ndilo ziwa la kina kifupi na la magugu lililo karibu na sisi ambalo watu wamelichezea kwa samaki wa burudani kwa karibu miaka mia sasa. Wastani wa kina chake ni mita chache tu. Awali lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo sana, ambaye mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Wengine wote wameletwa.

Mwaka 1925 waliletwa sato wa aina moja. Mwaka 1929 akaletwa besi, samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana, mla wenzake, kwa ajili ya wazungu walowezi waliotaka mchezo wa ndoano. Mwaka 1956 wakaja sato wengine wa aina mbili, mmoja wao akiwa ameingia kwa bahati mbaya tu, amechanganyika kwenye mzigo wa vifaranga. Uvuvi wa nyavu wa biashara ukafunguliwa mwaka 1959. Kwa hiyo kulikuwa na pande mbili kwenye maji mamoja: wa nyavu wanaofuata sato, na wa ndoano wanaofuata besi. Besi aliwala sato wadogo, magugu yakawaficha baadhi, mambo yakaenda.

Halafu mwaka 1970 wakaingizwa kamba wekundu wa maji baridi kutoka Louisiana. Nia ilikuwa nzuri, biashara ya kuuza nje. Kamba hawa wanakula magugu yaliyozama. Besi akawapenda, wakawa chakula chake kikuu, wavuvi wa ndoano wakafurahi. Lakini wakazaana, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 magugu ya chini ya maji yalikuwa yamekaribia kuisha ziwani. Yakaisha mahali pa kujificha, maji yakawa na tope. Juu ya maji nako likawa limeshaingia gugu la salvinia tangu miaka ya 1960, na gugumaji likafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Yaani chini hakuna magugu yanayotakiwa, juu yapo yasiyotakiwa.

Wavuvi wakaongezeka, macho ya nyavu yakapungua, samaki wakapungua mpaka serikali ya Kenya ikafunga uvuvi kwa mwaka mzima mwaka 2001. Na mwaka huohuo akaonekana mgeni mwingine: karpi, aliyeingia kwa kufuata mto kutoka juu, ambako alikuwa anafugwa. Hakuna aliyemwekea mpango wa kuingia ziwani. Karpi anachimba chini kutafuta chakula, anavuruga tope, anang'oa magugu machanga. Ndani ya miaka michache karpi akawa ndiye sehemu kubwa ya kila kinachovuliwa, na besi, anayewinda kwa macho kwenye maji maangavu, akabaki wa kuhadithiwa.

Mimi sisemi karpi ni balaa tupu. Watu wa Naivasha wanamla, wanamuuza, na familia zinaishi kwa huyo samaki. Ninachowaonyesha ni kwamba kila samaki aliyeletwa alibadilisha kitu ambacho aliyemleta hakukifikiria, na hakuna hata mmoja aliyeweza kurudishwa alikotoka. Vilevile, ona kwamba wakati mzuri wa wavuvi wa ndoano ulikuwa pale ambapo yule mla wenzake alikuwapo, magugu yalikuwapo kwa kiasi, na wadogo walikuwa wanaliwa. Hizo ndizo nguzo tatu ambazo hata bwawa la eka mbili hapa Ngara linazihitaji, na hakuna hata moja inayohitaji samaki wa kutoka mbali.

Sasa kwa nini nakataa sangara

Maji yetu haya, hata kijito kinachokauka mwezi wa nane, mwisho wa safari yanaingia Ruvubu au Kagera, na Kagera inaingia Victoria. Katikati kuna maziwa madogo na mabwawa ya mafunjo mengi kwenye bonde hili. Baadhi ya maziwa madogo ya pembeni ya Victoria ndiyo yaliyobaki na ngege wa asili, yule sato wa zamani ambaye kwenye ziwa kubwa ameshakuwa adimu sana tangu sangara na sato wa kuletwa waingizwe miaka ya 1950. Furu nao, aina nyingi zimepotea. Bwawa lako likipasua tuta kwa mvua za mwezi wa nne, sangara wako hataomba ruhusa ya kwenda jirani.

Na kibiashara pia haileti maana. Sangara anahitaji maji mengi yenye hewa ya kutosha. Kwenye dimbwi la kifuani lenye magugu, alfajiri anakufa wa kwanza. Anayetaka kuvua sangara kwa ndoano yupo Rubondo, hifadhi ya taifa iliyo kisiwani Ziwa Victoria, na watalii wanakwenda huko kwa kazi hiyohiyo. Huwezi kushindana na Rubondo ukiwa Benaco. Shindana kwa kile ambacho Rubondo haina.

Tena kisheria, kuhamisha samaki hai kutoka maji fulani kwenda maji mengine kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi. Siyo jambo la kubeba kwenye madumu usiku.

Kupima kabla ya kutenda

Hapa ndipo uvuvi wa ndoano unapokuwa na faida ambayo wengi hawaioni. Kila mtu anayekuja kuvua kwako anakupimia bwawa bure. Unachohitaji ni daftari, rula ndefu au ubao wenye alama za sentimita, na mizani ndogo ya jikoni.

Fanya hivi kabla hujafungua biashara. Chukua watu watatu wanaojua kutupa mshipi, wavue saa mbili asubuhi hadi saa tano, siku tatu tofauti, sehemu tofauti. Tumia ndoano ndogo na za wastani, maana ndoano kubwa itakuletea wakubwa tu na utajidanganya. Chambo ni nyungunyungu au donge la pumba na unga. Andika kila samaki: aina, urefu, uzito. Andika pia saa walizovua. Ukigawanya idadi ya samaki kwa saa, unapata kipimo ambacho utakilinganisha mwezi hadi mwezi, mradi watu na muda ni vilevile.

Kisha angalia mambo mawili. La kwanza ni mgawanyo. Tuseme mmevua sato 100, na 88 kati yao wako chini ya sentimita 15, 10 wako kati ya 15 na 22, na wawili tu wamezidi 22. Bwawa hilo limebanana. Kama ungekuta 30 au 40 wamezidi sentimita 22, ningekwambia endelea na unachofanya.

La pili ni unono. Chukua uzito kwa gramu, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa urefu uliojizidisha mara tatu. Sato wa sentimita 20: 20 mara 20 mara 20 ni 8,000. Akiwa na gramu 160, unapata 2. Huyo anakula vizuri. Akiwa na gramu 110, unapata kama 1.4, na hata bila hesabu utaona: kichwa kikubwa, mgongo mwembamba kama kisu, tumbo limeingia ndani. Huyo ana njaa. Kuna vijana wanaona hesabu hii ni ya shule, lakini ni dakika kumi kwa simu, na ni nafuu kuliko mfuko mmoja wa chakula cha samaki.

Kupunguza

Kama bwawa ni lako, ni dogo na linaweza kumwagwa, sitakuzungusha. Mwezi wa saba au wa nane maji yakiwa yameshuka, limwage lote, vua wote, wauze wadogo kwa wafuga kuku na nguruwe au uwakaushe, acha udongo upigwe jua mpaka upasuke, weka chokaa, jaza maji mvua za vuli zikianza, na upandikize vifaranga madume watupu, wawili hadi watatu kwa mita moja ya mraba. Kwa ukanda wetu kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji kilicho karibu ni Rubambagwe, Chato. Ulizia huko aina wanayoitoa kwa bonde letu kabla hujalipa mtu yeyote wa barabarani mwenye mfuko wa plastiki wenye hewa.

Lakini wengi wenu mnaoniuliza maji yenu hayamwagiki. Ni ya kijiji, au ni makubwa, au ng'ombe wa watu mia wanayategemea. Benaco yenyewe tunaijua historia yake. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo ndani ya siku moja hivi, kambi ikawekwa hapa, na ziwa dogo la hapa ndilo likawa tegemeo lao la kwanza la maji. Wazee wanakumbuka pampu na foleni. Maji ya huku hayajawahi kuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo mpango wenu wa samaki uanze na serikali ya kijiji na bwana samaki wa wilaya, siyo uishie huko.

Kwenye maji ya namna hiyo, kupunguza ni kazi ya kila wiki. Na hapa kuna mtego. Nyavu za macho makubwa ambazo sheria inaruhusu zinakamata wale wachache waliofanikiwa kukua, na kuwaacha wale 88. Ukivua hivyo miaka mitano, umechagua wafupi wabaki kuwa wazazi. Kokoro nalo limekatazwa, na kwa haki, maana linazoa kila kitu pamoja na viota vya chini. Kwa hiyo mnabaki na ndoano ndogo na migono, na hata migono ombeni ruhusa kwa maandishi mkieleza kwamba ni ya kupunguza wadogo. Bwana samaki akiona daftari lenye vipimo vya samaki 100, mazungumzo yanakuwa mepesi sana kuliko mkienda mikono mitupu.

Kiasi gani kitolewe? Kingi kuliko mnavyodhani. Mkitoa kilo tano kwa mwezi, waliobaki watazaa kilo kumi. Toeni bila huruma kwa miezi mitatu minne, mkipima kila mwezi. Ile namba ya unono ndiyo itaanza kupanda kwanza, kabla ya urefu. Mkiiona inatoka 1.4 kwenda 1.7, mjue chakula kimeanza kuwatosha waliobaki.

Kambale ndiye polisi wenu

Mla wenzake mnaye tayari, wa hapahapa. Kambale anaishi kwenye maji ya hewa ndogo kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu, anavumilia tope, na akiwa mkubwa anameza sato wadogo usiku kucha. Mkimwongeza, kambale mmoja kwa kila sato 10 hadi 20 anatosha kuanzia, lakini atolewe kwenye maji ya bonde hilihili na kwa kibali. Mvua kubwa zikinyesha atakwenda kuzaa kwenye majani yaliyofurika pembeni, kwa hiyo msilime mpaka ukingoni. Usiku wa mvua anaweza pia kutambaa na kuondoka zake. Ukimkuta barabarani, siyo mchawi.

Kamongo nao msiwaue ovyo. Wanakula konokono, na konokono wa kwenye magugu ndio wanaobeba kichocho. Hilo nalisisitiza: kazi ya kukata magugu ifanywe na watu wenye gambuti ndefu, na wateja wavue wakiwa juu ya jukwaa la mbao au ukingo mkavu, siyo wamesimama majini. Walio karibu na Kagera au Ruvubu wanajua pia kuhusu mamba na viboko. Huko msiweke wateja kabisa.

Sheria za mteja

Wavuvi wa burudani duniani kote wana tabia moja: mkubwa wanambeba, mdogo wanamrudisha. Kwenye bwawa lililobanana hiyo ni kinyume kabisa cha mnachotaka. Kwenu sheria iwe hivi: sato yeyote chini ya sentimita 18 harudi majini, hata mmoja. Anakwenda kwenye ndoo. Kambale anayezidi sentimita 40 anapigwa picha na anarudi. Sato wakubwa mteja anaruhusiwa wawili kwa siku, anapimiwa kwa kilo na analipa bei ya soko.

Andikeni hayo kwenye ubao mlangoni, na mteja ayasikie kabla hajalipa. Mkimwambia baadaye mtagombana.

Anayerudishwa arudishwe akiwa hai kweli. Mikono iloweshwe maji kwanza, ndoano iwe imebanwa ile miiba yake kwa koleo, asishikwe kwa mashavu, asiachwe kwenye nyasi mtu akitafuta simu. Msivulishe alfajiri wakati hewa majini ni ndogo, wala saa nane mchana wakati maji ya kina kifupi yamechemka. Saa mbili hadi saa tano asubuhi, na tena saa kumi hadi kumi na mbili jioni, panatosha. Mwezi wa nane maji yakishuka sana, fungeni. Samaki wote wanakuwa wamesongamana kwenye shimo moja, na mtu yeyote anaweza kumaliza kambale wenu wote kwa wikiendi moja.

Kuhusu soko, niseme ninavyoona mimi. Msitegemee watalii mwaka wa kwanza. Hifadhi ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019 na inapita wilaya zetu, kwa hiyo wageni wataongezeka taratibu, lakini sehemu kubwa ya Ziwa Burigi iko ndani ya hifadhi na huko kuna taratibu zake. Wateja wenu wa leo ni madereva wa malori waliolala Benaco wakisubiri kuvuka Rusumo, watumishi wa wilaya, na familia za Jumapili. Dereva hatalipia mchezo tu. Atalipia kiti chenye kivuli, fimbo ya kukodi, chambo, na mtu wa kumkaangia alichovua pamoja na ndizi. Nimepiga hesabu na vikundi viwili vya huku, na kwenye zote mbili jiko lilileta zaidi ya kiingilio. Hata wale sato wa kwenye ndoo, mkiwakaanga wakakauka vizuri wanaliwa na mifupa yake.

Mnaotaka kuanza, ulizeni kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri kuhusu leseni, maana uvuvi wa burudani nao una leseni yake, na mtumie mwezi huu kupima. Magugu yaanze kukatwa mwezi wa sita, mvua za masika zikiisha, wakati maji bado ni mengi na samaki wana pa kukimbilia. Kambale, kama mtahitaji kuwaongeza, wasubiri mpaka vipimo vya mwezi wa tatu wa kupunguza viwe vimeandikwa kwenye daftari.